FUNDO LA KAKA (Sehemu ya Tisa)

Mkasi ulibaki hewani.

Hapo ndipo tulipomwacha Mashoto Jumamosi iliyopita, na hapo ndipo alipo mpaka sasa, maskini wa watu: kasimama kwenye chumba chake cha kazi chini ya jukwaa la klabu, raketi ya mteja mkono mmoja, mkasi mkono wa pili, macho yamemtoka pima. Alikuwa anataka kukata nyuzi za zamani atie mpya, kazi anayoifanya mara kumi kwa siku huku akili iko kwingine. Ndipo akaliona fundo.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili kwenye kiti cha kinyozi na hujui tunamzungumza nani, sikiliza haraka. Mashoto ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Alicheza tenisi ya kulipwa miaka kumi na mitatu, kwa mkono wa kushoto, na jina limetoka huko. Leo anatia nyuzi kwenye raketi za wengine. Na fundo aliloliona hulifunga mtu mmoja tu chini ya jua: uzi unapita chini mara mbili, unarudi juu ya mwenzake, kisha mkia unakatwa mfupi na ncha inachomwa kwa kiberiti.

Mtu huyo ni kaka yake. Miaka kumi na tisa hajamwona wala kumsikia.

"Mama fundi, vipi?" mteja aliuliza. "Mbona umeganda? Mimi nina mechi saa tisa."

Mteja alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mdomo mwepesi, na kofia nyekundu asiyoivua hata akiwa kivulini. Tumwite Kofia, maana klabu nzima ilikuwa ikimwita hivyo tangu mashindano yaanze Jumatatu.

"Nani alikutilia nyuzi hizi?"

"Kwani zina kosa?"

"Nimekuuliza ni nani."

"Mwalimu wangu. Mzee mmoja mkali, usiombe! Macho yake yamekwisha, anaona mwanga na vivuli basi, lakini masikio anayo. Anakaa kando ya uwanja anasikiliza mpira. Ukipiga vibaya yeye anajua kabla yako."

Mashoto aliuweka mkasi mezani taratibu. 

"Macho yamekwisha?"

"Mwaka wa tatu huu. Lakini raketi zangu anazitia nyuzi mwenyewe kwa kupapasa. Hii nimekuletea wewe kwa sababu mashine yake tumeiacha nyumbani, na uzi nimeukuta umekatika leo asubuhi. Jana jioni ulikuwa mzima, naapa."

Mashoto aliinamia raketi. Uzi ukichoka kwa kuchezewa hukatika katikati, pale panapopigwa mpira, na ncha zake huchambuka. Huu ulikuwa umekatika pembeni kabisa, ncha zake laini.

Uzi huu haukukatika. Umekatwa.

 Alinyoosha mkono kuchukua uzi mpya.

"Nizivute kwa kilo ngapi?"

"Ishirini na nne. Usipunguze hata nusu, mwalimu atanichinja. Anasema hata nikishikiwa bunduki nisicheze na pungufu ya hapo."

Ishirini na nne! Miaka yote kumi na mitatu, katika viwanja vyote alivyocheza, raketi za Mashoto zilikuwa kilo ishirini na nne.

"Huyo mwalimu wako yuko wapi?"

"Nyumba ya wageni, pale barabara ya stesheni. Saa nane na nusu namleta uwanjani." Kofia alikuwa ameshaanza kuchungulia ukutani. "Eh, na ile raketi pale juu, mbona inaliwa na vumbi?"

"Ile haiguswi."

"Na hili kombe umelifanya la kuwekea mikasi?"

"Kombe ni langu. Nenda kale kitu, urudi saa nane."

* * *

Wasomaji watatu wameniandikia wiki hii wakitaka nimuue huyu kaka haraka. Punguzeni hasira. Kwanza nirudie fainali ile kwa kifupi, maana bila hiyo hakuna mtakachokielewa leo.

Mashoto alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Asubuhi ya fainali, wakati wa kupasha mwili, aliona mipira yake inaruka mbali kuliko anavyotaka. Akamuuliza kaka yake, aliyekuwa mwalimu wake na fundi wa raketi zake, "Kaka, mbona mipira inaruka?"

"Ni joto," kaka akajibu. "Na bega lako limechoka."

Mechi ikaanza, mipira ikaendelea kuruka. Akabadilisha raketi. Ikaruka. Akabadilisha tena, akachukua ya tatu, mpaka ya nne, yaleyale. Raketi nne haziwezi kuharibika siku moja, akajiambia. Basi ni bega kweli. Lakini alijikaza kisabuni, akapigana, mpaka akafika pointi moja tu kabla ya ubingwa.

Mpinzani akapiga mpira mrefu, ukaangukia nyuma ya Mashoto karibu na mstari. Mwamuzi wa mstari akapaza sauti: nje! Jukwaa zima likasimama. Kwa muda wa pumzi tatu hivi, Mashoto alikuwa bingwa.

Kisha akageuka kutazama alama ya mpira kwenye udongo. Akaiona imegusa mstari. Sasa, uwanja wa udongo una sheria yake: mchezaji akiifuta alama kwa kiatu, amekubali kwamba mpira ulikuwa ndani, na hakuna wa kumrudisha nyuma. Mashoto alikuwa amelelewa na kaka yake tangu ana miaka saba, baada ya wazazi wao kufariki, na kaka alimlea asichukue kisicho chake. Akaifuta. Akainua macho kumtafuta kaka jukwaani.

Mechi akapoteza. Wakampa kombe dogo la uungwana. Siku ya pili televisheni ikaonyesha mpira ule ulianguka nje, kiganja kizima. Alama aliyoifuta ilikuwa ya mpira mwingine, wa dakika kumi kabla. Magazeti yakaandika kwamba kauza mechi, kwani nani asiyeijua alama ya mpira wake mwenyewe?

Na kaka alikuwa ameshaondoka. Begi la raketi aliliacha mapokezi hotelini, bila hata salamu. Kwa Mashoto maana yake ilikuwa moja: kaka naye ameamini kauza.

Alicheza mashindano manne baada ya hapo. Kila mpira aliupiga nusu mkono, akilionea bega huruma, na mara zote nne akatolewa raundi ya kwanza. Akastaafu mwaka uleule. Bega lenyewe madaktari hawakuliona na ugonjwa wowote.

Tangu hapo anaishi vyumba viwili ghorofa ya tatu, na redio haizimi, ili akifungua mlango jioni akute sauti ya mtu. Alfajiri huenda kupiga mpira kwenye ukuta wa nyuma ya stoo ya klabu. Wateja humkalia dakika nne, tano akibahatika. Jumapili klabu ikifungwa, siku nzima hupita hajatumia sauti yake, na Jumatatu anapomwambia mteja wa kwanza "karibu", koo humkwaruza.

Katika upweke huo alikuwa na haja moja tu iliyobaki: amwambie kaka yake, uso kwa uso, kwamba hakuuza.

Aliifunga raketi ya Kofia kwenye mashine, akavuta uzi mmoja baada ya mwingine, kilo ishirini na nne. Alipofika mwisho, angeweza kufunga fundo la kawaida. Hakufunga. Alifunga fundo la kaka.

Ila alilijifunza akiwa mtoto, ameketi mbele ya kaka akimtazama mikono, na kwa kuwa yeye ni wa kushoto, lilimtoka kinyume: mkia unalala upande mwingine. Kaka alikuwa akimcheka sana kwa hilo. Hakuna vidole vingine duniani vinavyoweza kulitambua.

Akawasha kiberiti, akachoma ncha.

* * *

Saa nane na nusu Mashoto alikuwa nyuma ya turubai la kijani lililofungwa kwenye uzio wa uwanja wa pili, jicho moja kwenye tundu. Mtu mzima, na heshima zake, anachungulia!

Akamwona.

Kaka amekonda. Nywele zimeisha. Mkono mmoja ulikuwa begani kwa Kofia, hatua zake fupi, lakini viatu vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa, kama zamani. Mashoto alikuwa na maneno ya miaka kumi na tisa aliyoyapanga jikoni, kwenye basi, kitandani. Yote yalimkimbia.

Kofia alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, akampa raketi. Mzee aliileta sikioni, akagonga nyuzi kwa ukucha.

"Ishirini na nne," alisema, akatabasamu. "Fundi anajua kazi."

Kisha kidole chake kikashuka pembeni, kikalikuta fundo. Kikalizunguka. Kikasimama. Lile tabasamu likayeyuka usoni.

"Fundi ni mwanamke?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Anatumia mkono gani?"

"Sikuangalia sana. Wa kushoto, nadhani."

"Yupo hapa karibu?"

Kofia akageuka, akaliona jicho kwenye tundu la turubai. "Yupo. Hapo nyuma yako, kwenye uzio."

Mashoto alijisogeza karibu zaidi na turubai. Sasa, alijiambia. Sasa ataniita.

"Nihamishie kiti," kaka alisema. "Upande ule wa pili."

"Mwalimu, kule jua litakuchoma."

"Nimesema nihamishie kiti!"

Wakahama. Mashoto alimwona kaka yake akivuka uwanja mzima kwa hatua zile fupi ili awe mbali naye, kisha akaketi na kumpa kisogo. Miaka kumi na tisa, na bado.

Alitaka kuondoka. Lakini aende wapi? Nyumbani kulikuwa na redio. Akabaki pale na machozi yake.

Mechi ilikuwa kali. Kofia akachukua seti ya kwanza, akapoteza ya pili, na katika ya tatu akafika pale pale: pointi moja tu ashinde.

Mashindano haya ni ya wadogo, hayana waamuzi wa mistari. Kila mchezaji huamua mipira ya upande wake mwenyewe, na akiwa na shaka hutazama alama. Mpinzani wa Kofia akapiga mpira mrefu, ukaangukia karibu na mstari wa nyuma, hatua sita kutoka kwenye turubai. Mashoto aliuona kwa macho yake. Nje, kwa upana wa vidole vinne.

Kofia akarudi nyuma kutazama. Palikuwa na alama mbili, moja imeukanyaga ukingo wa nyingine, zote mbichi. Akainama. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, jinsi waungwana wanavyofanya, akanyanyua kiatu juu ya ile iliyogusa mstari.

Mashoto hakuwa na muda wa kufikiri.

"Si hiyo!" sauti yake ilipaa uwanja mzima. "Si hiyo, binti! Hiyo ni ya zamani! Yako ni hiyo ya nyuma!"

Kiatu kikabaki hewani. Viwanja vyote vinne vikasimama.

Msimamizi wa mashindano akaja mbio, uso umemkunjamana. "Nani amepiga kelele? Mama fundi? Wewe, na umri wote huo, hujui mtu wa nje haruhusiwi kumsaidia mchezaji?"

"Najua."

"Sasa?"

"Alikuwa anafuta alama isiyo yake."

"Alikuwa anafuta ya kwake au ya jirani, hayakuhusu! Pointi inakwenda kwa mpinzani. Na wewe rudi chumbani kwako kabla sijakufungia."

Kwa hiyo Kofia akaipoteza pointi vilevile, ungedhani Mashoto hakufungua mdomo. Wapo waliocheka. Mashoto aliinamisha kichwa na kuondoka, aibu imemjaa, na hakuona kwamba upande wa pili wa uwanja mzee wa kiti cha plastiki alikuwa amesimama wima, kichwa kimeinamia upande ilikotoka sauti.

* * *

Dakika ishirini baadaye Kofia aliingia chumbani kwa kishindo.

"Nimeshinda!"

"Umeshindaje? Nimekuharibia."

"Umeniharibia nini! Nimezipata tatu mfululizo. Hii raketi, mama, mpira hauruki hata kidogo, unakwenda ninapoutuma. Ningekuwa na zile nyuzi zangu zilizokatika ningekufa leo." Akavua kofia, kwa mara ya kwanza, akajifuta jasho. "Ila mwalimu simwelewi. Amenishika mkono ananiuliza jambo moja tu: alama zilikuwa mbili? Nikamwambia ndiyo, zimelaliana, mtu yeyote angekosea. Akaniuliza tena: mtu mwema angekosea? Nikamwambia mwalimu, mimi si mtu mwema? Basi akanishika bega nimlete huku. Sasa yuko hapo nje."

Mashoto aliishika meza.

"Nje wapi?"

Kofia aligeuka. Alitazama mlangoni, akachukua raketi yake, akapita pembeni bila neno. Hata mdomo mwepesi una siku yake ya kunyamaza.

Mkono mkavu ulikuwa unapapasa ukuta.

"Kuna ngazi?" sauti iliuliza.

"Moja," Mashoto alijibu. "Na uiname, mlango ni mfupi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Akamshika kiwiko, akamkalisha kwenye kiti. Kiti kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo yeye alisimama.

"Sikuuza, kaka."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Kwamba hukuuza, nimejua siku zote."

 Amejua siku zote! Basi ile miaka ilikuwa ya nini? Barua zote alizomwandikia, zilizorudi hazijafunguliwa, simu zilizokatwa?

"Sasa uliniacha kwa nini?"

"Ulipofuta ile alama uliinua uso ukanitazama."

"Nilikutazama ili unitikisie kichwa. Tangu utotoni nikifanya jambo la haki ulikuwa unanitikisia kichwa."

Mzee alifumba macho yale ambayo hata yakifumbuliwa hayaoni. "Mimi niliuona mpira uko nje. Nikajiambia, mtoto huyu hawezi kukosea alama, nimemfundisha mwenyewe. Kafuta makusudi. Amejua, na anautupa ubingwa mbele yangu ili nione aibu. Hivyo ndivyo nilivyodhani, mpaka leo uliposema si hiyo. Kumbe ulikosea tu. Kumbe hukujua kitu."

"Kujua nini, kaka?"

 Juu yao, jukwaani, mtu alikuwa anafagia.

"Ile raketi ya fainali bado unayo?"

"Ipo ukutani. Sijawahi kukata nyuzi zake. Lilikuwa fundo lako la mwisho, ningelikataje?"

"Ungelikata siku ileile ingekuwa heri. Fungua utepe wa mpini."

Mashoto alielewa anachoambiwa. Kaka alikuwa na desturi yake: kila akitia nyuzi, aliandika kilo alizovuta kwenye mpini, kwa kalamu, kisha akaufunika kwa utepe mpya. Alikuwa haandiki uongo. Ule ulikuwa ukumbusho wake mwenyewe, na haukuwa wa kusomwa na mtu.

Aliishusha raketi, akapangusa vumbi. Utepe ulikuwa umekauka, una rangi ya jasho lake la miaka kumi na tisa iliyopita, na mizunguko ya mkono wa kaka. Alikuwa hajathubutu kuufungua kwa kuupenda. Sasa aliukwangua kwa ukucha, ukatoka vipande vipande, ukamwagika mezani.

Namba ikaonekana.

Haikuwa ishirini na nne. Ilikuwa ishirini na moja.

Mtia nyuzi yeyote anaijua maana yake, na wewe nitakuambia: nyuzi zikilegea kilo tatu, mpira hautawaliki, unarushwa. Unalenga mstari, unaangukia kwa watazamaji.

"Zote nne?" Mashoto aliuliza. Sauti haikuwa yake.

"Zote nne."

"Nilikuuliza asubuhi ile. Nilikuuliza kwa nini inaruka. Ukaniambia bega."

"Nilikuambia."

"Kaka, mimi niliacha tenisi kwa ajili ya bega hili!" Alilipiga kwa ngumi. "Nilikwenda kwa madaktari watano. Wote wakasema zima, nikawaona waongo. Nilikuwa na miaka mitatu, minne ya kucheza bado! Bega zima!"

Mzee alikuwa analia bila kujifuta. "Jioni ya kuamkia fainali chama cha tenisi kiliniita. Wakaniambia ukichukua ubingwa watakupa mwalimu mwingine, mwenye jina, wa kukupeleka mbele. Mimi nishukuriwe nirudi nyumbani. Nikafikiri ukishindwa mara hii moja tu, wataniacha nikae na wewe. Mara moja tu."

"Ungeniambia. Ningewakatalia."

"Niliogopa." Alitafuta neno lingine, akalikosa. "Niliogopa kubaki peke yangu."

Mashoto alitazama chumba chake. Kiti kimoja. Kikombe kimoja. Ndoano moja ya kutundikia koti moja. Alitaka kucheka, alitaka kupiga mayowe, na katikati ya hasira hiyo alimwonea huruma mzee yule mkondefu mpaka akajichukia mwenyewe. Alikuwa amemwomba Mungu mtu mmoja tu aingie kwa mlango ule, na mtu mwenyewe ndiye huyu.

"Uzi wa yule binti uliukata wewe," alisema.

"Mimi. Nilisikia fundi wa hapa ni wa mkono wa kushoto. Nilitaka raketi ifike kwako. Halafu nilipolishika fundo lako, nikaogopa tena."

Mashoto akachukua mkasi kutoka kwenye kombe la uungwana. Akauingiza chini ya fundo la kaka kwenye raketi ya fainali, lile alilolitunza miaka kumi na tisa, akakata. Uzi ukalia. Akakata wa pili, wa tatu, zikafyatuka moja baada ya nyingine, na kwa kila moja mzee alishtuka kitini. Zilipokwisha, aliuweka mkasi mezani.

"Mdogo wangu?" kaka aliita. "Sema neno."

 Ilikuwa saa kumi na moja, saa yake ya kufunga. Mashoto alichukua koti kwenye ndoano na ufunguo juu ya mashine. Mlango ule ni wa chuma, na ufunguo wake ni mmoja, hufunga ukiwa ndani na hufunga ukiwa nje.

Mzee alisikia hatua zake zikienda mlangoni. Alisikia bawaba zikilia. Kisha akasikia ufunguo ukizunguka, mara ya kwanza, mara ya pili.

Aligeuza uso huku na huku akitafuta pumzi ya mtu.

"Mdogo wangu," aliuliza polepole, "uko upande gani?"

Mashoto alilisikia swali hilo vizuri sana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeushika ufunguo.